Mimi zaidi ya 1000, mama 4: je, mzee hatengenezi tena kinga?

*"Daktari, shikamoo. Mwaka jana baba yetu (73) alikutwa na virusi vya homa ya ini B wakati akipimwa kabla ya upasuaji wa tezi dume. Tukaambiwa familia nzima tupime. Mimi (36) na mama (69) hatukukutwa na virusi, tukachanjwa pamoja: siku ileile, nesi yuleyule, dozi tatu ndani ya miezi sita. Wiki sita baada ya dozi ya mwisho tukapima kinga. Yangu imesoma zaidi ya 1000, ya mama 4. Aliyetupa majibu alisema tu, 'Mama hana kinga, ni umri.' Kaka anasema chanjo ya mama ilikuwa mbovu. Jirani anatuuzia unga wa mlonge na vidonge vya kuongeza kinga, kopo shilingi elfu themanini. Mama mwenyewe kagoma, anasema mwili wake umechoka, tusimtoboe bure. Nina mtoto wa miezi mitano anayelala na bibi yake. Ni kweli mzee hatengenezi kinga? Tumchanje tena au tumwache? Na mtoto yupo salama?"*

Marahaba, dada, na pole kwa kuwahangaikia baba, mama na mtoto kwa wakati mmoja. Barua yako ina hofu mbili zilizofungwa pamoja. Moja ni ya kitabibu: kama mwili wa mama bado unaweza kutengeneza kingamwili, yaani zile protini za damu zinazowashika vijidudu. Ya pili ni ya nyumbani: kama mama na mjukuu wake wamo hatarini kwa kuishi na baba. Zote mbili zina majibu, na yanatia moyo kuliko hiyo karatasi ya maabara.

Nianze na kaka. Chanjo kuharibika kunatokea, simkatalii. Lakini chanjo ya homa ya ini B inavumilia joto kuliko chanjo nyingi. Adui wake mkubwa ni kuganda. Hutunzwa kwenye nyuzi 2 mpaka 8, na ikigandishwa, ile chumvi ya alumini iliyochanganywa humo ili kuuamsha mfumo wa kinga hushikamana na chanjo hupoteza nguvu. Friji ya kituo ingekuwa imegandisha, hata wewe usingefika 1000. Mlichanjwa mahali pamoja mara tatu. Sioni chanjo mbovu ingemchaguaje mama peke yake mara zote hizo.

Halafu hili la "ni umri". Huenda aliyewapa majibu yuko sahihi, ila amelisema mapema mno, na neno hilo likishatamkwa watu huacha kuuliza maswali mengine. Ningependa tuyaulize. Kabla ya hapo, tuelewane namba zenyewe zinasema nini.

Kipimo mlichofanya kinahesabu kingamwili dhidi ya ganda la virusi vya homa ya ini B, na kizio chake kwenye karatasi ni mIU/mL. Mpaka uliokubalika ni 10. Aliyefikisha 10 au zaidi, mwezi mmoja mpaka miwili baada ya dozi ya mwisho, anahesabiwa amekingwa. Mlipima wakati unaofaa kabisa. 1000 yako haina maana kwamba umekingwa mara mia kuliko mwenye 10; wote wawili mko upande wa usalama. Yako itashuka mwaka hadi mwaka, inaweza hata kwenda chini ya 10, na bado utakuwa salama kwa sababu seli za kumbukumbu zimeshawekwa. Mama tofauti yake ni kwamba hakuufikia mpaka huo tangu mwanzo.

Je, wenzake wa rika lake hupata ngapi? Kwa watu wenye afya walio chini ya miaka 40, wakimaliza dozi tatu, zaidi ya 90 kati ya 100 huvuka mpaka. Baada ya 40 idadi huanza kushuka, na kwenye miaka 60 wanabaki kama 75. Wengi wakisikia hivyo huona walioshindwa tu. Mimi naona kwamba watatu kati ya kila wanne wenye miaka sitini wametengeneza kingamwili za kutosha dhidi ya kitu ambacho miili yao haikuwahi kukiona. Kwa hiyo kauli kwamba mzee hatengenezi kinga si kweli. Mama yumo kwenye ile robo, na tunataka kujua kwa nini.

Kuna dhana nyingine inayosumbua watu, kwamba kadiri mtu anavyozeeka kingamwili humwishia mwilini. Tukipima jumla ya kingamwili zote kwenye damu yako na ya mama, huenda zikalingana, au zake zikazidi. Umri peke yake hauzishushi. Ikitokea jumla hiyo iko chini sana kwa mzee, daktari hatakiwi kuridhika na miaka yake. Atafute ugonjwa, hasa saratani za damu na za uboho, au figo inayovujisha protini. Kinachopungua na umri ni uwezo wa kutengeneza kingamwili *mpya*, pamoja na ubora wa hizo mpya.

Za zamani hukaa kwa namna inayoshangaza. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, na kuwaangusha wengi wa wakazi wake. Daktari kijana wa Kidenmaki, Peter Ludvig Panum, akaenda kuchunguza. Surua ilikuwa imewahi kupita huko mwaka 1781 kisha ikatoweka, miaka 65 nzima. Wazee waliougua mwaka ule wa 1781 hawakuguswa hata mmoja. Wazee wenzao ambao walikosa kuugua zamani, waliugua sasa kama watoto. Umri ulikuwa uleule. Kilichowatofautisha ni kama mwili uliwahi kukutana na surua au la. Na si surua tu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya damu ya watu 32 waliokuwa hai wakati wa homa kuu ya mafua ya 1918. Walikuwa na miaka kati ya 91 na 101, na wote bado walikuwa na kingamwili zinazovitambua virusi vya mwaka ule, karibu miaka 90 baadaye.

Unawajua wazee wanaokughania utenzi mzima waliofunzwa chuoni wakiwa watoto, halafu wakasahau jina la mgeni aliyekuja juzi. Kinga ya mzee iko hivyo hivyo. Virusi vya homa ya ini B, kwa mwili wa mama, ndiye mgeni wa juzi.

Tufuate sindano ilipoingia. Ndani ya ile chanjo mna kipande cha ganda la virusi, si virusi vyenyewe. Seli za ulinzi zilizo kwenye msuli hukimeza na kukibeba mpaka kwenye tezi za limfu za kwapani, ndugu wa zile za kinenani ambazo zikivimba tunaziita mitoki. Humo seli B, yaani aina ya seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, yenye umbo linaloendana na kipande hicho hukishika. Lakini haianzi kuzaliana kwa wingi mpaka seli T msaidizi, aina nyingine ya seli nyeupe iliyokitambua kipande hichohicho, iipe idhini. Zikikutana, seli B hugawanyika tena na tena, huku zikibadilisha kidogo kidogo muundo wa kingamwili zake. Zinazoshika vizuri huendelea, zinazoshika vibaya hufa. Baada ya wiki kadhaa baadhi huhamia kwenye uboho wa mifupa na kukaa humo kwa miaka zikimwaga kingamwili kwenye damu. Nyingine hubaki kuwa kumbukumbu.

Umri hugusa karibu kila hatua hapo, ila unapouma zaidi ni kwenye seli T. Hizi hukomazwa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Mpaka mwaka 1961 tezi hiyo ilidhaniwa haina kazi ya maana. Ndipo Jacques Miller, akifanya utafiti London, alipowaondolea panya wachanga thaimasi na kuona kinga yao imeporomoka. Kwa mtoto ni kubwa. Huanza kusinyaa mapema, na baada ya balehe hugeuka mafuta taratibu. Mwenye miaka 69 amebakiwa na kidogo sana, kwa hiyo mama anaishi kwa seli T zilizotengenezwa zamani, na nyingi kati ya hizo zimeshapangiwa adui mwingine. Kuna virusi viitwavyo saitomegalo ambavyo sehemu zetu hizi karibu kila mtu huvipata utotoni. Haviumizi mtu mwenye kinga nzima, lakini haviondoki, na kwa baadhi ya wazee sehemu kubwa ya seli T za kumbukumbu inashughulika na kuvidhibiti hivyo tu. Zilizo huru, zinazoweza kukitambua kitu kigeni, ni chache.

Seli B nazo hazikubaki zilivyokuwa. Uboho wa mzee hutoa chache, na kimeng'enya kinachoziwezesha kurekebisha kingamwili zake hupungua, kwa hiyo hata zikizaliana, kingamwili zinazotoka hushika kwa ulegevu. Vituo vya ndani ya tezi za limfu ambamo seli T na B hukutana huwa vidogo na vichache. Juu ya hayo, damu ya wazee wengi hubeba kemikali za uvimbe kiasi kidogo kila siku bila ugonjwa wowote unaoonekana, jambo ambalo Mwitaliano Claudio Franceschi na wenzake walilieleza mwaka 2000 kuwa sehemu ya uzee wenyewe. Mwili uliozoea kuwa katika hali ya tahadhari kila siku hauitikii upesi tahadhari mpya.

Hivyo ndivyo sindano ileile inavyoweza kukupa wewe 1000 na mama 4. Nne si sifuri, ingawa kwa namba ndogo hivyo siwezi kukuambia kwa uhakika kwamba kazi imeanza. Vipimo vyenyewe huyumba chini ya 10.

Sasa yale maswali. La kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote, na kwa barua yako sidhani kama limeulizwa. Mlipopimwa mwanzoni, mama alifanyiwa kipimo cha virusi vyenyewe tu, yaani HBsAg, au pia kile cha kingamwili za kiini cha virusi, kinachoandikwa anti-HBc? Cha kwanza kinasema kama ana virusi leo. Cha pili kinasema kama amewahi kuambukizwa maishani.

Fikiria mwenyewe. Mtoto akiambukizwa homa ya ini B wakati wa kuzaliwa, kati ya 100 karibu 90 hubaki na virusi maisha yote. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, zaidi ya 95 kati ya 100 huvishinda na kupona, wengi bila kujua kama waliugua. Hapo umri unafanya kazi kinyume na tulivyozoea kuufikiria. Maana yake kwa nyumba yenu ni mbili. Baba, kama wengi wa rika lake Afrika Mashariki, uwezekano mkubwa alivipata utotoni, kwa mama yake au kwa watoto wenzake, miaka mingi kabla ya kuoa. Nalisema waziwazi kwa sababu majibu ya aina hii huleta maneno kwenye ndoa ambayo hayana msingi. Na mama, baada ya kuishi naye miaka yote hiyo, inawezekana kabisa aliambukizwa akiwa binti na akapona. Waliopona zamani, baadhi yao kingamwili za ganda hufifia uzeeni zikabaki za kiini tu. Mtu kama huyo akipimwa kwa kipimo mlichofanya anaweza kusoma 4, na bado hali yake ikawa tofauti kabisa na ya mtu asiye na kinga yoyote.

Kwa hiyo anti-HBc kwanza, pamoja na kurudia HBsAg. Ikitoka kwamba aliwahi kuambukizwa, mazungumzo ya chanjo yanabadilika, na kuna jambo moja la kuandika kwenye faili lake kwa wino mzito: siku akiandikiwa dawa za kushusha kinga, za saratani, au steroidi kwa muda mrefu, daktari aambiwe kwanza, maana virusi vilivyolala kwenye ini vinaweza kuamka.

Swali la pili ni dogo lakini lina maana. Alichomwa wapi? Chanjo hii kwa mtu mzima huchomwa kwenye msuli wa bega. Wazee wengine, kwa kuona haya kuvua nguo ya juu au kwa mazoea ya zamani, huomba wachomwe takoni. Huko sindano huishia kwenye mafuta na mwitikio hushuka. Muulize mama mwenyewe, atakumbuka.

La tatu: ana kisukari? Figo zikoje? Ni mnene sana, anavuta sigara au ugoro, anatumia dawa zozote za kila siku, amewahi kupima VVU? Mambo ya aina hiyo, zikiwemo baadhi ya dawa, yanaweza kupunguza kingamwili bila kujali miaka. Kisukari hasa, wengi wa umri wake wanacho na hawajui, na kukipima ni kutoboa kidole tu.

Ikiwa anti-HBc imetoka hasi na HBsAg hasi, jibu langu kwa swali lako ni kumchanja tena. Walioshindwa mzunguko wa kwanza, robo mpaka nusu yao huvuka mpaka kwa dozi moja tu ya ziada, na wakimaliza dozi tatu za mzunguko wa pili idadi huongezeka. Takwimu hizo zimetoka zaidi kwa wafanyakazi wa afya walio vijana kuliko mama, kwa hiyo matarajio yako yashushe kidogo. Hata hivyo gharama ya kujaribu ni maumivu ya bega siku mbili na pengine homa ndogo. Njia ninayoipendelea kwake ni dozi moja, kupima baada ya mwezi mmoja au miwili, halafu kuamua kama mwendelee na mbili zilizobaki. Mama aliyegoma atakubali moja kwa urahisi kuliko tatu, na akiona namba imepanda, hata ikiwa kidogo, mtakuwa na cha kuzungumza.

Daktari wenu anaweza kupendekeza dozi kubwa, mikrogramu 40 badala ya 20, kama inavyofanywa kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine. Ni pendekezo la maana. Ipo pia chanjo mpya ya homa ya ini B yenye kichocheo tofauti na alumini, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2017. Katika utafiti wa watu wa miaka 40 mpaka 70 ilikinga 90 kati ya 100, ya kawaida ikakinga kama 70. Si chanjo ya kuikuta kwenye kila kituo, na sipendi mama akae bila kitu akiisubiri.

Niseme kidogo kuhusu vichocheo hivi, kwani ndivyo vinavyonifanya nikatae neno la mama kwamba mwili wake umechoka. Chanjo ya mkanda wa jeshi inayotumika kwa wazee nchi za nje ina kichocheo kiitwacho AS01, ambacho sehemu yake hutoka kwenye gome la mti wa kwillaya wa Chile. Kwa watu waliozidi miaka 70 imekinga karibu 90 kati ya 100. Kichocheo cha ukoo huohuo ndicho kilicho kwenye chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa kwa watoto wa Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019. Vilevile, chanjo ya mafua ikiongezwa kipimo mara nne kwa waliozidi miaka 65, huwakinga vizuri zaidi kwa kama robo ukilinganisha na ya kawaida. Mwili wa mzee unaitika. Unahitaji kuitwa kwa sauti kubwa zaidi.

Kuhusu mlonge sina ugomvi nao, ni mboga nzuri, mama ale. Ila hakuna unga wala kidonge kilichothibitishwa kuigeuza 4 kuwa 10, na ini la mtu anayechunguzwa homa ya ini si mahali pa kujaribia makopo yasiyojulikana ndani mna nini. Elfu themanini hiyo mnunulie mayai, dagaa na maharage. Wazee wengi ninaowaona hushindia chai na mkate, na mwili usiopata protini hautengenezi kingamwili vizuri, maana kingamwili zenyewe ni protini. Usingizi pia una sehemu yake: waliolala chini ya saa sita siku za karibu na chanjo walionekana kukingwa wachache zaidi, na utafiti uliofanywa Uingereza kwa wazee waliochanjwa mafua asubuhi ulikuta kingamwili nyingi kuliko kwa waliochanjwa mchana. Faida si kubwa, lakini kwenda kituoni asubuhi hakuna gharama.

Akimaliza mzunguko wa pili, jumla dozi sita, bila kufika 10, tunasimama. Hatumtoboi tena bila mpango. Tunamhesabu kuwa mtu asiyekingwa na tunamlinda kwa njia nyingine, ambayo kwa kweli ilipaswa kuanza siku ileile ya majibu ya baba.

Njia hiyo ni baba mwenyewe. Je, ameonwa na daktari wa ini, akapimwa wingi wa virusi na hali ya ini? Ikionekana anastahili dawa, tenofovir humezwa kila siku na hushusha virusi mpaka mara nyingi havionekani kwenye damu. Hapo ini lake hulindwa, na mkewe hulindwa pamoja naye. Mpaka hapo, na hata baada ya hapo, wembe, mswaki, kikata kucha na sindano viwe vya kila mtu peke yake. Kidonda kifunikwe, damu ikimwagika ifutwe kwa maji ya dawa ya klorini. Kondomu, hata kwa watu wa umri wao. Wanandoa wa miaka sabini wana maisha yao na hawapaswi kuonewa haya. Sahani moja, kikombe kimoja, kukumbatiana, kikohozi, kulala kitanda kimoja, hivyo havina shida. Nimeona familia zikimtengea mzee vyombo vyake kama mkoma, na hakuna sababu yoyote ya kufanya hivyo.

Mtoto nimemwacha mpaka hapa kwa kuwa ndiye anayenipa wasiwasi mdogo kabisa. Fungua kadi yake ya kliniki. Chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ile ya magonjwa matano kwa pamoja, ndani yake mna homa ya ini B. Iliingia kwenye ratiba za nchi zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndiyo maana wewe hukuipata. Watoto wachanga huitika vizuri sana, zaidi ya 95 kati ya 100. Kama zote tatu zimetiwa tiki, basi mjukuu wa miezi mitano amekingwa dhidi ya ugonjwa ambao bibi yake hajakingwa nao. Yeye ana thaimasi kubwa na seli mpya tele; anachokosa ni kumbukumbu. Bibi ana kumbukumbu za miaka 69 na seli mpya chache.

Usidhani tu kwamba mtoto anaitika kila chanjo. Surua husubiri miezi 9 kwa kuwa kingamwili ulizompa kupitia kondo la nyuma, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba, zingeiua chanjo kabla haijafanya kazi. Na chini ya miaka 2 mwili hauwezi kutengeneza kingamwili nzuri dhidi ya magamba ya sukari ya bakteria wa nimonia, ndiyo maana kwenye chanjo ya watoto sukari hiyo huunganishwa na protini.

Nne ya mama isikufanye uamini kwamba chanjo nyingine hazitamfaa. Kila chanjo ina njia yake. Pepopunda, kama alichanjwa enzi za ujauzito, ni jambo ambalo mwili unalikumbuka na dozi moja huliamsha. Mafua na nimonia, zikipatikana, apewe. Hata kinga isipozuia ugonjwa wote, mara nyingi huzuia kulazwa. Moja tu niiwekee alama: chanjo ya homa ya manjano kwa mara ya kwanza baada ya miaka 60. Hiyo ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa umri huo hatari ya madhara makubwa, ingawa ni adimu, hupanda. Akitakiwa kusafiri, azungumze na daktari kabla ya kukubali sindano.

Mambo ya kutosubiri ni haya. Mama akijikata kwa wembe wa baba au akiguswa na damu yake kwenye kidonda, aende hospitali siku hiyohiyo. Zipo kingamwili zilizotengenezwa tayari kutoka kwenye damu ya watu wenye kinga, ambazo huchomwa kwa mtu kama yeye, vizuri zaidi ndani ya saa 24. Ni ghali na hazipatikani kila hospitali, kwa hiyo uliza leo hospitali ya rufaa ya mkoa wenu kama wanazo, usingoje siku ya ajali. Macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo kujaa au kutapika damu, kwa mama au kwa baba, ni ya kwenda palepale. Na mama akiwa anapata nimonia mara kwa mara, anakonda, au ana maumivu ya mifupa ya mgongo pamoja na upungufu wa damu, apimwe jumla ya kingamwili nilizozitaja mwanzoni.

Mama ana haki ya kugoma. Kabla hajagoma, aambiwe kwamba kinachofuata ni damu kidogo tu ya vipimo viwili, HBsAg na anti-HBc, na sukari, si sindano. Nenda naye kwa daktari wa magonjwa ya ndani mkiwa na karatasi zenu zote mbili za majibu na kadi za chanjo zenye namba za toleo. Kwenye fomu hakikisha anti-HBc imeandikwa, maana isipoombwa kwa jina haifanywi.